Fungu Asilolitazama

Ukumbini kwetu, saa ya chai ndiyo saa ya ukweli. Nyundo ikishalazwa mezani na birika likaanza kuzunguka, wakusanyaji wa sarafu husahau kwamba muda mfupi tu uliopita walikuwa wamenuniana kwa ajili ya kipande cha shaba. Wanavuta viti pamoja na kuanza kuzungumzia bei. Ukitaka kujua nani ana pesa na nani ana maneno matupu, sogea pale usikilize.

"Ile sarafu ya fedha yenye nyota mbili, mwaka jana si ilikwenda laki tatu?" Mwalimu aliuliza, akichovya biskuti yake kwenye chai. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini hesabu yenyewe ilikataa kustaafu. "Leo dada yetu hapa ameibembeleza wee, imegota kwenye laki na nusu. Na sarafu ni ileile. Hata mkwaruzo haujaongezeka."

"Soko limelala," akasema Mkandarasi, aliyekuwa ameinunua. Huyu alijenga majumba ya watu, na alinunua sarafu kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza zege.

"Soko halijalala, baba. Mwaka jana walioitaka walikuwa wawili: wewe na yule mzee wa duka la vitambaa. Mzee ametangulia mbele ya haki, umebaki peke yako. Bei haitoki kwa mtu wa kwanza. Inatoka kwa mtu wa pili. Wa kwanza hata awe na gunia la noti, kama hana mshindani atalipa bei ya kuanzia na chenji atarudishiwa."

Mkandarasi alikitazama kibahasha chenye sarafu yake kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza. "Mungu amrehemu. Miaka yote alikuwa ananipandishia bei mzee yule, namlaani mpaka nafika nyumbani. Leo nimeipata kwa nusu, na sina raha hata kidogo."

Walicheka, nami nilicheka huku nikiendelea kupanga mafungu ya vitu vya kunadi katika awamu ya pili. Baba yangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na yeye akatabasamu. Ukumbi ule ni wake. Zamani yeye ndiye aliyekuwa mnadi, na wanasema sauti yake ilisikika mpaka kituo cha posta. Kisha akaugua koo, sauti ikaondoka na haikurudi, akabaki na mnong'ono tu. Nyundo nikaishika mimi.

"Tokeni je?" mtu mmoja akauliza. "Naona tokeni ndizo zinazokimbiliwa siku hizi."

"Tokeni zina hadithi," Mwalimu akajibu. "Sarafu ya serikali ilinunua kila kitu, kwa hiyo hukumbuki ilinunua nini. Lakini kibati alichopewa mfanyakazi akaoneshe kantini ili apewe kikombe cha chai, kile kilinunua kikombe cha chai basi. Vijana wanapenda mambo hayo. Mnaona leo kuna kile cha kiwanda cha viberiti? Kile kitagombaniwa. Au vipi, Ngoja?"

Wote waligeuka kumtazama mtu aliyekaa kwenye kiti kilicho karibu na nguzo.

"Mimi?" akasema yule mtu, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Mimi napita tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, huku akingoja mpaka dakika ya mwisho, na ndiyo maana walimpa jina la Ngoja. Kazi yake ilikuwa fundi wa mizani; alizunguka madukani na kwenye maghala kuhakikisha kilo ni kilo kweli. Mnadani alikuwa akiwaacha wenzake waumane mpaka wachoke, halafu nyundo ikiwa hewani anainua penseli yake taratibu, macho yako dirishani, kama vile mkono ule si wake. Walimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye akajibu kwamba matumbo yaliyouma mpaka sasa ni yao.

Lakini mimi nilikuwa na siri yake. Mnadi huona mengi. Siku moja kabla ya mnada huwa tunafungua kabati ili watu wazitazame bidhaa kwa vioo vyao vya kukuzia. Ngoja alikuwa akifika mapema, anaomba fungu hili, anaomba lile, anageuza, anapima kwa kiganja, anauliza maswali. Alitazama kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Hicho alikipita kama kibao cha mlango. Na kesho yake hicho ndicho alichoondoka nacho. Nilipoligundua jambo hili sikumwambia mtu, hata Baba. Siri ya mteja ni siri. Jana alikuwa ameomba mafungu yote ya meza ya tatu, akaruka tokeni ya kiwanda cha viberiti. Nikajua.

Nami nilimpenda. Sioni sababu ya kulizungushazungusha hilo. Nilipenda alivyoshika kitu kidogo bila kukiminya, nilipenda kicheko chake ambacho hakikuwa na sauti, nilipenda hata shati lake la buluu lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Ila Baba alikwisha kuniambia tangu nianze kazi: "Mama, olewa na yeyote ila si mkusanyaji. Mkusanyaji anapenda kutafuta. Akishapata anafunga kabatini, anaanza kutafuta kingine." Na isitoshe, Ngoja hakuwahi kunionesha hata dalili. Aliwasalimia watu wote kwa vicheko. Kwangu ilikuwa "Habari ya kazi, Dada," naye anaisema huku anatazama feni.

Mlango ukafunguka, Shangazi akaingia. Shangazi yangu haingii mahali, hufika.

"Hamjambo wazee wa vyuma!" akasema. "Kaka, shikamoo. Na wewe, mwanangu, mbona hupokei simu? Daktari anakuja leo jioni na kaka yake. Amesema safari hii anataka jibu, tabasamu ameshapewa la kutosha."

"Shangazi, jamani," nikasema kwa sauti ya chini, "si tungeongea nyumbani?"

"Kwani ni siri? Kuposwa ni aibu?" Akawageukia wakusanyaji. "Daktari wa meno. Mtu mzima, mpole, ana kliniki yake. Hata mimi amening'oa jino sikulia."

Wakaanza kunipongeza. Mkandarasi alisema ataleta mchango, Mwalimu akasema ataleta hotuba, na watu wakamwomba alete mchango. Daktari mwenyewe sikuwa na neno baya juu yake. Alikuwa mtu mwema. Akisema atapiga simu saa mbili, simu inalia saa mbili. Nilikuwa nimelala na kuamka na jambo hilo wiki nzima, na asubuhi ile wakati nachana nywele nilikuwa nimeamua: nitamkubali. Umri haurudi nyuma, na moyo nao ukikosa cha kushika huchoka.

"Hongera, Shangazi," nikamsikia Ngoja akisema. Hakuniambia mimi. Alimwambia Shangazi, kisha akaendelea kukoroga chai yake.

Nikagonga nyundo kabla ya muda. "Tuendelee," nikasema.

Mafungu ya mwanzo yaliuzwa haraka. Watu walikuwa wachangamfu, na uchangamfu wa watu hupandisha bei. Nikafika kwenye tokeni ya viberiti, nikaiinua ndani ya kibahasha chake.

"Tokeni ya kantini, kiwanda cha viberiti, shaba, tundu katikati. Haijasuguliwa wala kung'arishwa na mtu. Tunaanza na elfu thelathini."

"Thelathini!" Mkandarasi akanguruma.

"Thelathini na tano," akasema kijana mmoja wa safu ya nyuma.

"Hamsini!"

Kijana akatikisa kichwa, akajitoa. Nikasubiri. Kila mtu alikuwa anasubiri, hata Mkandarasi mwenyewe, ambaye alikwisha kujikunja kama mtu anayejua atamwagiwa maji ya baridi. Penseli ya kwenye nguzo ndiyo iliyokuwa ikingojewa.

"Hamsini mara ya kwanza," nikasema.

Kimya.

"Hamsini, mara ya pili." Nilivuta maneno yale kuliko inavyoruhusiwa. Mnadi hatakiwi kumsubiri mtu, lakini nilijua anaitaka tokeni ile, nilijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Nikageuza uso kuelekea kwenye nguzo.

Alikuwa ananitazama.

Hakuwa anatazama tokeni mkononi mwangu, wala dirisha, wala feni. Alinitazama mimi, usoni, na macho yake hayakuondoka. Penseli ilikuwa sakafuni karibu na kiatu chake, na hakuiokota. Joto lilinipanda kutoka shingoni. Kazi yangu ni kutazamwa. Ukumbi mzima hunikodolea macho tangu asubuhi mpaka jioni, na sijali. Ila macho ya mtu huyu sikuwahi kukutana nayo. Hata siku moja. Na hapo, nyundo ikiwa hewani, ndipo akili yangu ilipofanya hesabu ambayo mtoto wa chekechea angeifanya zamani. Mtu huyu hutazama kila kitu isipokuwa kile anachokitaka. Na miaka yote hiyo mimi nilidhani hanioni.

"Dada," Mwalimu akanong'ona kutoka mbele, "mkono utakufa ganzi."

"Mara ya tatu," nikasema, na nyundo ikaanguka yenyewe. "Imekwenda kwa Mkandarasi."

Mkandarasi hakushangilia. Alikuwa anamtazama Ngoja kwa wasiwasi, kama mtu anayemwangalia jirani aliyekataa chakula.

Sijui niliuzaje mafungu yaliyobaki. Baada ya mnada kwisha nilikimbilia stoo na sinia la bahasha, nikijifanya napanga. Stoo yetu ni chumba chembamba chenye rafu mpaka juu, meza moja na taa moja, na harufu ya karatasi na chuma. Nilisikia mlango unasukumwa taratibu.

"Naweza kuingia?"

"Umeshaingia," nikasema. Sikugeuka. "Umeiacha tokeni."

"Nimeiacha."

"Si ndiyo uliyokuwa unaitafuta?"

"Ulijuaje?"

"Jana hukuitazama."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Kumbe ulikuwa unajua."

"Siku nyingi. Sasa mfuate Mkandarasi, bado yupo pale. Atakuuzia."

"Atanichinja. Na sikuja hapa kwa ajili ya tokeni." Akasita. "Usimkubali Daktari."

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono haijui iende wapi, na macho yameshahamia kwenye rafu ya juu, yanasoma lebo za masanduku.

"Hizo lebo zitakusaidia nini? Nitazame unapoongea na mimi."

Akanitazama. Ilimgharimu, niliona.

"Kwa nini nisimkubali?" nikauliza.

"Kwa sababu nakupenda."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaota mara nyingi. Nimeyaota nikiwa napiga pasi, nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa pale pale jukwaani na nyundo mkononi. Katika ndoto nilikuwa nalia kwa furaha. Siku yalipokuja kweli, kilichonipanda kilikuwa hasira.

"Tangu lini?"

"Tangu siku yako ya kwanza. Kichwa cha nyundo kilichomoka kikatumbukia kwenye chai ya Mwalimu. Watu wakaanza kucheka. Wewe ukavua kiatu, ukagonga meza kwa kisigino, ukasema 'Imekwenda!' Nilirudi nyumbani siku ile sikumbuki nilipita njia gani."

"Tangu siku ya kwanza! Na hukusema kitu?"

"Sikusema."

"Leo umesema. Leo, baada ya kusikia kuna Daktari." Nikalisukuma sinia la bahasha pembeni. "Mwalimu kasema saa ile ile ya chai, bei inatoka kwa mtu wa pili. Basi mtu wa pili ametokea, na wewe ukaniona nina thamani. Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Daktari asingekuja, leo ungefungua mdomo?"

Angeweza kudanganya. Mtu mwingine angedanganya.

"Leo nisingefungua," akasema. "Wala kesho, pengine. Lakini sikuwa nasubiri ushuke bei, Dada. Nilikuwa naogopa. Ngoja nikwambie kitu, halafu unifukuze. Nyumbani kwetu mimi ndiye kitinda mimba, kaka zangu ni wengi na wana nguvu. Nikipenda kiti fulani, wanakikalia. Nikipenda paka, wanampeleka kwa jirani kunitania tu. Nikajifunza kupenda huku nimeangalia pembeni. Ukikionesha unachokipenda umempa mtu fimbo ya kukuchapia. Mnadani tabia hiyo ikanipa sifa. Kwako…" Akapangusa paji la uso. "Kwako imekuwa ujinga mtupu."

Hasira yangu ilipungua, lakini haikuisha. Nilikuwa nimeibeba muda mrefu bila kujua ni hasira; nilidhani ni huzuni.

"Tokeni inaweza kukaa kabatini miaka mia," nikamwambia. "Haina haraka, na ikikaa sana ndiyo inapendeza. Mimi si shaba. Mimi nilikuwa nazeeka pale jukwaani mbele ya macho yako. Kila Jumamosi nasimama nauza vitu vinavyotakiwa na watu, nikirudi nyumbani najiambia, mimi hata huyo mtu wa kwanza sina."

"Mtu wa kwanza alikuwepo," akasema polepole.

"Nilitakiwa kumjuaje?"

Kutoka ukumbini tulisikia Mkandarasi akicheka, na Shangazi akimweleza mtu kuhusu jino lake. Ngoja alipiga hatua moja ndani ya chumba, akasimama.

"Nifanye nini?" akauliza. "Sema, nitafanya."

"Hayo uliyoniambia hapa stoo, nenda kayaseme pale."

Uso wake ulibadilika. "Pale? Mbele ya Mkandarasi?"

"Mbele ya Mkandarasi, mbele ya Mwalimu, mbele ya shangazi yangu ambaye mpaka usiku mtaa wote utakuwa unajua. Na umwambie Baba, anayeamini watu wa aina yako mkishapata kitu mnakifungia kabatini. Neno la stoo linaweza kukanwa ukumbini. Mimi nimechoka kupendwa kwa siri."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, jioni Daktari atapata jibu lake, na litakuwa jibu jema. Sikutishi. Ni mtu mwema, na nitamheshimu maisha yangu yote."

Ngoja aliitazama mikono yake. Akaipangusa kwenye suruali, akavuta shati likae vizuri, akatoka. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Kisha nikamfuata mpaka mlangoni, maana nani angeweza kubaki.

"Ngoja!" Mkandarasi alimwita alipomwona. "Unaumwa? Ile tokeni nimeinunua nikiwa nasubiri unipandishie bei, hukunipandishia. Nitakuuzia bwana, bei ya kirafiki. Mara tatu tu ya niliyotoa."

"Kaa nayo," akasema Ngoja, akampita.

Aliendelea mpaka kwenye kiti cha Baba karibu na dirisha. Akasimama mbele yake. "Mzee," akasema, "nina neno." Halafu akaongeza maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

"Sauti!" Mwalimu akadai. "Huku hatusikii."

"Nimesema…" Ngoja akageuka, akawaona wote: safu za viti, macho, vikombe. Nikadhani ataishia hapo. "Nimesema namtaka binti yake. Nataka kumwoa. Nimemtaka tangu siku ya kwanza aliposhika nyundo. Nusu ya vitu nilivyonunua humu ndani sikuvihitaji. Nilinunua ili nipate sababu ya kurudi."

Mwalimu akapiga paja lake. "Kumbe ndiyo maana ulinipandishia ile sarafu ya bati! Ya bati, jamani! Nilijua hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitaka ile isipokuwa mimi!"

"Nyamaza wewe," Shangazi akasema, mkono kifuani. "Kaka, umesikia mambo haya?"

Baba alikuwa amesikia. Alimtazama Ngoja kwa muda, kwa jicho lile alilokuwa akitazamia vitu vinavyodaiwa kuwa vya kale.

"Mkusanyaji anapenda kutafuta," akanong'ona, na watu wote wakainama mbele ili wamsikie. "Akipata, anachoka."

"Mzee, leo nimekiacha nilichokuwa nakitafuta," Ngoja akajibu. "Kimenipita mbele ya macho na sikukiona. Nilikuwa namwona yeye."

Baba akageuza kichwa, akaniona pale mlangoni. "Na wewe, mama? Huyu nimemsikia. Wewe sijakusikia."

Mimi ndiye ninayejaza ukumbi ule kwa sauti bila kipaza sauti. Mimi ndiye ninayeweza kutaja bei tangu asubuhi mpaka machweo bila kukohoa. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ndipo nilipoelewa jambo nililokuwa nimemtaka Ngoja afanye, na lilivyokuwa zito. Kwani mimi niliwahi kulifanya? Mimi niliyejua siri yake nilimwonesha nini, zaidi ya kumwita "mteja wa nguzo" na kuendelea na fungu linalofuata? Nilikuwa binti wa mnadani, nimelelewa nikiambiwa mnadi hana anachokipenda. Niliuficha moyo wangu vizuri kuliko yeye.

"Namtaka, Baba," nikasema. Ilitoka ndogo, kama ya kwake. Nikarudia. "Namtaka. Nimemtaka siku nyingi, nami nikanyamaza."

"Nyote wawili!" Shangazi akaketi kwa kishindo kwenye kiti cha Mkandarasi. "Mmoja anasimama juu, mmoja anakaa chini, wanatakana, na hakuna anayesema! Sasa Daktari nitamwambia nini mimi?"

"Usimwambie kitu, Shangazi. Nitampigia mwenyewe."

Nilitoka barazani na simu. Aliipokea mara moja, kama kawaida yake. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba nimeona ni vizuri asije jioni kutafuta jibu ambalo naweza kumpa sasa kwa heshima. Nilimwambia kuna mtu, na kwamba mtu huyo alikuwepo moyoni mwangu kabla yake, na kwamba yeye hana kosa lolote. Nyuma yake nilisikia mashine ya meno ikizunguka, kisha ikazimwa.

"Nilijua utakuwa mkweli," akasema. "Nashukuru umepiga wewe mwenyewe. Nisalimie Shangazi, mwambie lile jino la pili asilicheleweshe."

Nilikata simu nikalia kidogo. Nililia kwa ajili yake, maana alistahili mtu wa kumpenda bila kulazimishwa na umri. Kisha nikapangusa uso na kurudi ndani.

Walikuwa wamemzunguka Ngoja, kila mtu anamshauri jambo lake, naye amekaa wima katikati yao, jasho linamtoka, kama mtu aliyewekwa mezani na kuwashiwa taa. Aliponiona aliinuka. Hakutazama kitu kingine chochote.

Baba aliinua kidole, ukumbi ukanyamaza.

"Kijana," akanong'ona, "umeifanya biashara vibaya sana. Umekuja kwangu, mbele ya mashahidi wote hawa, ukanionesha unachokitaka na unavyokitaka. Unajua mtu akifanya hivyo bei inakuwaje? Sasa mahari naipandisha."

Mkandarasi alipiga meza kwa furaha. "Mpandishie! Mpandishie, Mzee! Na yeye aonje!"

Wote walicheka isipokuwa Ngoja. Alikuwa bado ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na sura ya mtu ambaye hana cha kuficha.

"Pandisha, Baba," akasema.

Hakusema Mzee, kama wote walivyomwita. Alisema Baba. Na baba yangu, ambaye hajawahi kushindwa na mnunuzi ndani ya ukumbi ule, alifungua kinywa ili ataje bei, akakifumba, akaanza kutafuta leso mfukoni.